Kiganja cha Shekue

Siku hizo, amini usiamini, benki haikumkopesha mkandarasi mpaka mwenzake wa kazi aweke kiganja kwenye kioo. Akimwonea wivu, kioo kinawaka chekundu na mkopo umekufa.

Mbaruku alitaka mashine ya zege. Shekue, mwenye mashine tatu, akamwekea kiganja. Kijani, papo hapo!

Nyumbani mkewe alipiga vigelegele, Mbaruku akasusa wali.

“Hata wekundu kidogo, Mama Zuhra? Kwani mimi si wa kuonewa wivu?”

“Kula, bwana! Kesho ni zamu yako kumwekea Shekue. Anataka kreni.”

Mbaruku akainuka kwenda bombani. Akakisugua kiganja kwa sabuni, akakitazama, akakisugua tena.

“Mama Zuhra,” aliita, “hebu njoo unitazamie. Kina rangi gani?”