Wa Kwanza Kufika kwa Mwalimu

Joyeuse alikimbia kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Upande wa juu wa mtaa vijana walikuwa wakiimba na kupiga madebe, wakitoa watu nyumba kwa nyumba, na yeye alitaka jambo moja tu: afike kwa Mwalimu Kalala kabla yao.

Ulikuwa mwaka ule wa kuwafukuza Wakasai. Hata waliozaliwa Kolwezi, ambao babu zao waliletwa kuchimba shaba, waliambiwa warudi kwao. Tangu alfajiri Wakasai wa mtaa wa Dilala walikuwa wakielekea gare, kituo cha treni, magodoro kichwani. Joyeuse alikuwa Mkatanga, hakuna aliyemgusa. Lakini usingizi ulimruka. Usiku kucha alijigeuza kitandani kati ya wadogo zake wanne, katika chumba walichoazimwa na mjomba, akimwaza mwalimu, aliyekuwa Mkasai.

Alimpenda, tusidanganyane. Ndiye aliyewasomesha darasani riwaya ya kijana aliyetoroka kwa baba yake, kisha akauliza: "Siku gani huyu kijana alikuwa mutu mukubwa?"

Wenzake walisema siku alipopata mshahara. Wengine, siku alipomzika baba. Mwalimu alitikisa kichwa.

"Siku alijua kitu anataka, akajua na bei yake."

Maneno hayo yalimkaa Joyeuse kooni kama mwiba wa samaki. Hakuyameza, hakuyatema.

Mwalimu alifungua mlango kabla Joyeuse hajabisha.

"Mwalimu, banakuya! Mutoke sasa, mupite nyuma. Ku gare kuko basoda, habatabapiga kule."

"Na nyumba? Bataichoma?"

"Habachome. Banaingiaka tu, banakaa mule. Mulango ya nyuma inafunga muzuri?"

"Inafunga."

"Basi mi ntachunga."

Mama Kapinga, mke wa mwalimu, aliangua kilio akamkumbatia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na msichana huyu wa Kikatanga alikuwa ameiweka shingo yake hatarini! Joyeuse naye alilia, tena machozi ya kweli. Akambeba mtoto wao mdogo mgongoni, akajitwika masufuria, akawapitisha vichochoroni. Kijana mmoja alipowazuia na rungu, alimtukana hadi kizazi chake cha tatu, yule akasogea pembeni. Joyeuse alikuwa na haraka iliyowatisha hata wenyewe waliookolewa.

"Polepole, mwanangu," Mama Kapinga alihema. "Treni haijafika."

"Hapana, mama. Twende."

Kwenye gare palijaa watu, moshi na vilio vya watoto, lakini askari walikuwepo kweli. Mwalimu aliweka ufunguo kiganjani mwa Joyeuse, akaufunga mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Tuchungie mpaka turudi. Joyeuse, leo umekuwa mutu mukubwa."

Hakuweza kumtazama usoni. Aligeuka akakimbia tena, mbio kali kuliko zile za kwanza.

Vijana walifika jioni, wakagonga mlango wa mwalimu kwa shoka. Joyeuse aliufungua mwenyewe. Nyuma yake mama yake alikuwa akisonga bukari, na wadogo zake wanne walikuwa wakigombania chumba cha watoto wa mwalimu.

"Mumechelewa," alisema. "Ule Mukasai nilishamufukuza asubui. Hapa ni kwetu."