Mguu wa Meza

Baba alikuwa ameketi sakafuni, ameukumbatia mguu mbovu wa meza kwa mikono miwili, ili kompyuta isiyumbe mbele ya mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo.

"Wewe jibu maswali," alikuwa amemwambia binti yake kabla ya usaili wa mtandaoni kuanza. "Meza niachie mimi."

Binti, mwalimu wa hisabati, alivaa blauzi iliyonyooshwa vizuri juu na suruali ya kulalia chini. Alijibu yote bila kukwama. Alipopewa nafasi ya kuuliza, akauliza lile alilofunzwa na baba yake, mwalimu mstaafu: walimu wenu hukaa miaka mingapi? Shule mbili zilizotangulia kumsaili zilibabaika hapo hapo.

Mwalimu mkuu akacheka. "Mimi nina miaka kumi na minne. Mpishi wetu ana kumi na tisa. Wengi huondoka wakistaafu."

Chini ya meza, baba akamfinya binti kidole gumba cha mguu. Shule ndiyo hiyo.

"Nasi tumekupenda," mwalimu mkuu akasema. "Mkataba ni wa miaka minne. Utaweza kuja mwezi ujao?"

Meza ikaanza kutetemeka. Kalamu ikabingirika, ikaanguka, na hakuna aliyeiokota.

"Mwalimu, huko kuna tetemeko la ardhi?" mwalimu mkuu akauliza.

Binti akateremsha mkono taratibu mpaka ukakuta upara wenye joto, akauacha hapo.

"Hapana, madamu," akasema. "Ni baba. Amenishikia meza."