Kidole cha Msusi

Daktari alichomoa waya wa mwisho kwenye kiungo cha kidole cha Mwanaidi. Wiki sita nyuma jirani alikivuta akidhani kimeteguka tu, kumbe kimevunjika, ikabidi Mwanaidi apasuliwe na mfupa ushikizwe kwa waya.

"Kunja, mama."

Hakikukunjika. Mwanaidi, aliyeishi kwa kusuka nywele miaka ishirini, alitazama ukutani.

Nesi Tabu akavua kofia yake, akaketi sakafuni mbele ya magoti ya Mwanaidi. "Nisuke, dada. Mstari mmoja tu."

Mwanaidi akagawa nywele kwa ukucha, akaanza. Kidole kilitetemeka, kikagoma, kisha kikajikunja pamoja na vingine.

"Unaniumiza," nesi akalalamika.

"Vumilia, ndiyo kwanza naanza," alisema Mwanaidi, na daktari akaisogeza taa karibu.