Mfuko wa Pasipoti

Fundi cherehani alifungua pasipoti ya wifi yake ili apimie mfuko wa siri, na karatasi ya masharti ya kuingia nchi za watu ikamdondokea mapajani.

"Upana uwe wa kutosha, dola zangu zisikunjike," alisema wifi, mguu juu ya mguu. "Na usinishonee kama lile gauni la harusi yangu. Watu wanacheka hadi leo."

Fundi aliiokota ile karatasi, akaisoma. Karatasi ilitaka pasipoti iwe imebakiza miezi sita. Akaitazama tarehe ya mwisho, akahesabu kwa vidole chini ya meza. Ilibakiza minne, na safari yenyewe ya likizo ni keshokutwa.

"Unasoma nini na wewe huendi? Kaka yako kasema mizigo ya ziada, kama wewe, inalipiwa."

Kidole cha fundi kilikuwa bado juu ya ile tarehe. Akakiondoa taratibu, akairudisha karatasi ndani, akaifunga pasipoti.

"Shona imara, isije ikanidondoka njiani."

"Haitoki humo, wifi," alisema fundi, akaanza kukanyaga cherehani, "mpaka wakuombe uitoe."