Mbio Moja Tu

Waya wa dishi ulipokatwa mara ya tatu, Nzioki hakuhangaika kuuliza ni nani. Mama Kui alikuwa amekaa pale pale mlangoni pa ukumbi wa Nzioki wa kuonyesha mpira, makasi ya ushonaji mapajani, wala hakuyaficha.

"Ni mimi," akasema. "Ukiunga tena, nakata tena."

Nzioki akashika kiuno. Mashindano ya dunia ya riadha yalikuwa yameingia siku ya tatu, na mtaa mzima wa Kimbo ulitaka kuona. Yeye alikuwa mgeni hapa, mtu wa Machakos aliyefungua ukumbi juzi juzi, na jirani wa kwanza kumpata ni huyu mwenye makasi.

Angekuwa mtu mwingine angemwitia chifu. Lakini huyu ungemwambia nini? Bintiye, Kui, alikwenda kufanya kazi ya nyumba katika nchi ile ile inayoandaa mashindano. Mwaka jana akarudishwa ndani ya sanduku, na karatasi inayosema moyo ulisimama wenyewe. Mgongoni alikuwa na alama ya pasi. Pasi ya nguo, jamani! Hakuna aliyeshtakiwa, hakuna hata aliyeulizwa swali. Baada ya mazishi mama alifunga nyumba yake ya Ngoingwa, akaja kupanga chumba Kimbo ambako hakuna aliyemjua, akawa anashona sare za shule. Jambo moja tu la mazishi yale alipenda kulisimulia: shada kubwa la maua lilitumwa kutoka huko, na yeye akalimwagia mafuta ya taa na kulichoma mbele ya pasta.

"Mathe, sikia," akasema Njau wa bodaboda, ambaye hakukosa ukumbini hata siku moja. "Sisi tukisusia hapa Kimbo, hao wadosi, matajiri wa huko, watajua?"

"Hawatajua. Mimi nitajua."

"Na wakimbiaji wetu je? Wao wamekosa nini?"

"Wangekataa kwenda. Wote! Uwanja ungebaki na wenyewe na bendera zao." Akayainua makasi. "Watu wale wamenila mara mbili, Njau. Mara mbili! Halafu nikae hapa niwapigie makofi?"

Nzioki alimwelewa. Wamemla mtoto, halafu wakala na haki yake. Hasira ikampanda na yeye, akakunja waya wake, akautia ndani.

Kwa hiyo alishangaa Jumamosi mchana Mama Kui alipokuja mwenyewe, leso begani, bila makasi.

"Leo unga. Mbio moja tu, elfu kumi ya wanaume. Nataka kumwona yule wao akishindwa."

Yule wao alikuwa na jina refu la huko na jezi ya zambarau. Mwaka huu tu ndio alianza kusikika, na nchi yake ilikuwa imemtegemea yeye peke yake kwa dhahabu ya nyumbani.

"Halafu zima sauti," akaongeza. "Sitaki kuwasikia wakimtaja."

Habari ilienea. Saa tisa ukumbi ulikuwa umejaa hadi nje, na Nzioki ameandika ubaoni kwa chaki: MBIO MOJA TU. Watu hawakuja kutazama, walikuja kulaani. Mama Kui walimpa kiti cha mbele kabisa.

Mzunguko wa tano, jezi ya zambarau ikachomoka mbele peke yake.

"Haiya! Huyu anajifanya nani?" Njau akafoka.

Mama Kui hakupiga kelele. Alikuwa ameinama kuelekea kioo, akinong'ona, na Nzioki aliyesimama karibu yake alisikia, "Nenda. Tangulia tu. Wewe nenda." Hata yeye aliyekuwa upande wake, maneno yale yalimsisimua mwili.

Hadi mzunguko wa ishirini yule mtu aliongoza. Wa ishirini na mbili. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipoonekana ikigongwa, mabega yake yakaanza kupanda, na kichwa kikaenda upande.

"Ameisha!" Njau akaruka juu ya benchi. "Wasee, ameisha!"

Kijana wetu akampita kwenye kona. Mwethiopia akampita. Mganda akampita hatua mbili kabla ya mstari wa mwisho. Wa nne! Hata shaba hakuambulia, kwao nyumbani, mbele ya wakubwa zake! Ukumbi ulilipuka, watu wakakumbatiana na wasiowajua. Mama Kui akasimama, akapiga vigelegele vitatu, kama Wakikuyu wanavyompokea mtoto wa kike anapozaliwa, na kila mtu mle ndani akajua ni vya nani.

"Wamelipa, Mama Kui," Nzioki akamwambia, macho yamelowa. "Hata kama ni kidogo, leo wamelipa."

Kamera ikamsogelea mshindwa. Alikuwa ameanguka kifudifudi. Akageuka, uso ukajaa kioo kizima, unalia.

"Lia!" watu wakamzomea. "Lia vizuri!"

Mama Kui akaiendea televisheni. Wakampisha, wakidhani anakwenda kuitemea mate. Badala yake akashika ncha ya leso yake, akaanza kupangusa vumbi kwenye kioo, akianzia kwenye paji la uso la yule mtu, akishuka taratibu hadi mashavuni.

"Jina wamembadilisha, lakini tangu darasa la nne namwambia asitangulie mapema," akasema. "Mimi hanisikii. Alikuwa anamsikia dadake tu, Kui."