Wasimamizi wa Kisima

Niliipokea hivi, na hivi naitoa.

Katika bonde la Nyati mwamba ulipasuka ukatoa mafuta. Wanyama wa mbali wakaja kuyachukua na kuleta nafaka, wenyeji wakaacha kulima. Nyati akampa kila mwenyeji aliyeacha jembe kiti kivulini na cheo cha msimamizi.

Mwaka mmoja kisima cha maji cha bondeni kikajaa tope, na ndama wa Nyati wakalia kwa kiu, maana mafuta hayanyweki. Nyati akaita wachimbaji. Wakaja sitini, kila mmoja na kiti chake.

"Nani atachimba?"

"Mimi nitasimamia," akasema Ngiri.

"Nami pia, mzee," akasema Muhanga. "Kucha zangu hizi nimeshazizoesha kupumzika."

Nungunungu, aliyekuja nyuma yao bila kiti, maana hakuwahi kuacha shamba lake la viazi, akasema, "Nitachimba mimi, mzee. Ila wasimamizi washuke nami. Kazi ya shimoni haionekani kutoka kivulini."

Wakashuka kwa madaha. Nungunungu akaanza kurusha tope nyuma, likampata Ngiri usoni.

"Wee! Huna macho?"

"Ninayo, kaka. Umesimama kwenye njia ya tope. Lisogeze."

Ngiri akamrushia Muhanga, Muhanga akamrushia aliye juu yake. Kufikia adhuhuri wote sitini walikuwa wakirusha tope, wakitaniana na kucheka, mpaka maji yakachomoza.

Ndama walipokwisha kunywa, Nyati akauliza, "Haya, nani amesimamia kazi hii?"



"Tusamehe, mzee," akasema Ngiri, akijipangusa pua. "Leo hatukupata nafasi."