Mkaguzi wa Magoti

Ilikuwa Ijumaa ya ukaguzi, na kwa mujibu wa sheria kila mtoto alitakiwa kuwa na walau goti moja chafu. Asiyekuwa nalo alipelekwa kambi ya msituni miezi mitatu, akafundishwe kucheza.

Magoti ya Mwanasiti, binti wa miaka minane, yalikuwa safi kama sahani za wageni. Mama yake, Zaituni, akachota udongo kwenye chungu cha maua sebuleni, akauchanganya na maji, akaanza kumpaka kwa mswaki mkuukuu.

"Mama, unanitekenya!"

"Tulia wewe! Au unataka kulala na siafu?"

Mkaguzi, Bwana Mapunda, alipofika alivua kofia kwa heshima zote, akainama, akanusa goti.

"Hili limepakwa, mama. Halina hata mkwaruzo mmoja."

"Jamani, afande! Huyu anacheza mpaka anakera. Leo tu ameanguka mara mbili."

"Basi acheze tumwone."

Akafungua mlango wa nyuma. Nje kulikuwa na nyasi, mpera, na dimbwi la mvua ya asubuhi. Mwanasiti akasimama kizingitini, akazitazama nyasi kwa muda mrefu.

"Mama, naanzaje?"

Zaituni akafungua kinywa amjibu. Akautazama mpera, akalitazama dimbwi. Yeye mwenyewe alikulia ghorofa ya kumi na tisa, na hakuwahi kushuka bila viatu.

"Muulize mkaguzi," akanong'ona.

Bwana Mapunda akatoa kalamu, na kwenye orodha ya kambi akaandika majina mawili.